Mafundo ya Kobe

Watu walianza kumwita Kobe akiwa mtoto wa shule ya msingi, na jina hilo hakulikataa hata siku moja. Alifunga kamba za viatu polepole, alitafuna polepole, alisali polepole. Wenzake walikuwa wakiinua vichwa na kusema amina, yeye bado kainama, kama anayempa Mungu habari za jirani mmoja mmoja. Mama yake alipenda kusema kwamba mtoto huyu hata kuzaliwa alichelewa, mpaka mkunga akaenda kunywa chai kwanza.

Mtu huyo huyo alipokua akawa fundi wa magari, na akaingiwa na wazimu wa mashindano ya matope. Mtaa ulicheka. Dada yake mkubwa, ambaye kazi yake ni kushona viti vya magari na kwa sababu hiyo kila mtu humwita Mama Viti, alicheka kuliko wote.

"Kobe kwenye mashindano," alimwambia. "Utafika washindi wameshaoga na kubadilisha nguo."

"Dada, kwenye matope hakuna mbio," Kobe alijibu kutoka chini ya gari, miguu yake tu ikionekana. "Kuna kutokukwama, basi."

Nje ya mji palikuwa na shimo kubwa lililochimbwa udongo wa matofali miaka mingi, kisha likaachwa. Mvua zikinyesha, shimo lilijaa uji mzito wa rangi ya chai ya maziwa, na kila mwisho wa msimu wenye magari ya matope walikusanyika hapo. Gari liliingia upande mmoja, likazunguka kufuata vigingi, kisha likapanda ukuta wa udongo kutokea upande wa pili. Mengi hayakupanda. Ukingoni lilisimama trekta na mnyororo wake, na aliyekwama alivutwa nje mbele ya watu wote, kama mtoto anayetolewa kanisani kwa sikio.

Gari la Kobe lilivutwa kila mwaka. Mwenye trekta alimzoea hata akawa anamsalimia kabla hajaingia: "Fundi, mnyororo nimeshautia grisi." Kobe alicheka naye, akarudi karakana, akalifungua gari na kuanza kulijenga tena.

Karakana ilikuwa ua wa nyuma wa nyumba ya wazazi wao, umezungushiwa mabati, sakafu yake nyeusi kwa oili ya miaka. Upande mmoja Mama Viti alikuwa na cherehani yake kubwa ya kushonea ngozi na turubai, upande wa pili Kobe na vyuma vyake. Gari lake alilianza na fremu ya pikapu iliyotupwa. Aliikata, akaifupisha, akamwita rafiki yake mchomeleaji aipachike ekseli ya mbele ya gari jingine ili magurudumu yote manne yasukume. Huyu mchomeleaji aliitwa Cheche, mtu mwembamba, mwenye matundu ya moto kwenye kila shati alilokuwa nalo. Injini ilikuwa ya petroli, ya kizamani, kwa sababu Kobe hakuamini injini ambayo mtu hawezi kuielewa kwa kuisikiliza. Bomba la kuvutia hewa alilipandisha juu ili maji yasiingie puani mwa injini. Juu ya dereva walijenga kizimba cha mabomba ya chuma, gari likipinduka kichwa cha mtu kibaki mahali pake.

Na kila kitu kilichoweza kutikisika Kobe alikifunga kwa ukanda wa mpira uliokatwa kutoka tyubu kuukuu. Waya hakuupenda, alisema hukata. Kamba hakuipenda, alisema ikilowa hulegea. Mpira hushika kama mkono wa mtu. Aliuvuta mpaka ukawa mwembamba, akauzungusha mzunguko juu ya mzunguko, mwishowe akausukuma mkia wake chini kwa bisibisi na kuukata sawasawa. Ukilipapasa fundo la Kobe hukuti ncha. Gari zima lilikuwa na mafundo hayo, kwenye nyaya, kwenye mirija ya breki, kwenye mipira ya maji.

Mkewe naye alimpata kwa sababu ya gari kuharibika. Alikuwa dereva wa boza, lori la tangi la kubebea maji, mwanamke mnene wa sauti nzito, na siku moja boza lake lilimfia barabarani huku likivuja. Kobe akaitwa. Alitengeneza taratibu kwa kawaida yake, mpaka maji yakaisha kwenye boza, mazungumzo yakawa hayajaisha. Mwaka uliofuata wakafunga ndoa. Tangu siku hiyo Mama Viti na wifi yake hawakuwahi kupitisha juma bila kutaniana.

"Wifi, umeolewa na kobe, usije ukalalamika mambo hayaendi," Mama Viti alisema siku ya arusi, mbele ya wageni.

"Afadhali kobe, wifi, nyumba yake anayo mgongoni. Wengine walikuja na sanduku tupu."

Mume wa Mama Viti, ambaye ndiye aliyekuja na sanduku tupu, alicheka mpaka akapaliwa.

Mvua za mwaka huu zilipokaribia, Kobe alishikwa na homa ya mapafu. Ungedhani angeugua polepole kama alivyofanya mambo yake yote. Safari hii alifanya haraka. Jumapili moja alikuwa akiimba besi kwenye kwaya, na Jumapili iliyofuata kwaya ilimwimbia yeye.

Baada ya mazishi Mama Viti aliendelea kwenda karakana kila asubuhi. Kabla ya kukaa kwenye cherehani alipita kwenye gari la mdogo wake, akaweka kidole juu ya fundo mojawapo, akaomba kwa maneno machache. Hakumnung'unikia Mungu. Alimwuliza tu, kwa adabu, kama mteja aliyengojea muda mrefu anavyouliza, kisha akanyamaza akasikiliza mabati yakilia kwa jua. Mpira ulikuwa umekaza vilevile. Mkono uliouvuta haukuwepo, lakini nguvu ya mkono ule bado ilikuwamo ndani yake. Jambo hilo lilimfariji na kumuumiza kwa wakati mmoja, akaliachia hapo hapo.

Cheche ndiye aliyelitamka la moyoni. Alikuja na kofia yake ya kuchomelea kwapani, akasimama akilitazama gari kama anayemtazama mgonjwa.

"Dada, lilibaki kidogo tu. Kazi ya chini tulishamaliza. Ni magurudumu, breki na viti. Tulikamilishe, tuliingize shimoni."

"Na nani ataliendesha? Wewe? Wewe hata baiskeli unaishika kama mbuzi."

"Nitaendesha mimi," alisema wifi yake, aliyekuwa amekaa kwenye tairi akimenya chungwa.

Wakamtazama. Hakuwa amesema neno refu tangu msiba.

"Siku zote nilikaa pembeni yake, najua kila alichokosea," aliendelea. "Alitaka kitu kimoja tu, litoke mle shimoni kwa magurudumu yake lenyewe, mwenye trekta akiwa ameketi. Mara moja. Baada ya hapo hata likioza, lioze."

Mama Viti alitazama gari, akamtazama wifi yake. Kumbe na yeye alikuwa akilitaka jambo hilo hilo, ila hakujua kama inafaa kulitaka.

"Sawa," alisema. "Ila nina sharti. Alichofunga Kobe kwa mkono wake hakifunguliwi. Fanyeni penye kazi yenu. Mafundo yake yaacheni kama alivyoyaacha."

Hakuna aliyepinga. Cheche alinyanyua mkono juu kama mtu anayeapa mahakamani, na wifi yake aliitikia kwa kichwa. Wote watatu waliliona ni jambo la heshima, na ndivyo lilivyokuwa.

Wakafanya kazi. Cheche alichomelea vishikio vya viti. Matairi makubwa yenye meno marefu yalipachikwa, na breki zikatolewa hewa. Mama Viti alishona viti viwili kwa turubai gumu la kahawia, mshono mara mbili kila ukingo. Tangi la petroli lilikuwa nyuma tu ya kiti cha dereva, kwa hiyo alishona na kifuniko cha turubai cha kulizuia lisirushiwe matope, mfuniko wa kujazia mafuta tu ukibaki nje, kisha vyote vikakazwa kwa boliti.

Siku ya kuliwasha, lilishika mara ya kwanza. Sauti yake nzito ilitikisa mabati. Wifi yake alilitoa uani taratibu, majirani wakatoka milangoni, na mzee mmoja akavua kofia. Lilifika mwisho wa barabara. Hapo likakohoa mara moja, likakohoa tena, likanyamaza.

Wakalisukuma kurudi. Lilipokwisha kupumzika likawaka tena kama halijafanya lolote. Likaenda, na karibu na pale pale likazimika.

"Linafika mwisho wa barabara linakumbuka jambo," alisema wifi yake.

Hapo ndipo Cheche alipoanza kupoteza usingizi. Alitoa plagi akazisafisha kwa brashi ya waya. Zilikuwa kavu, na moto ulikuwepo. Alishuku koili inayozipa plagi moto inachemka, akaifunika kwa kitambaa kilicholowa, likazimika vilevile huku koili ikiwa baridi kama jiwe la mtoni. Alifungua kabureta, akapuliza kila tundu mpaka macho yakamtoka. Akabadilisha chujio la mafuta. Akabadilisha pampu. Kila mara gari liliwaka kwa bashasha, likakimbia kidogo, likafa, na kila mara baada ya kupumzika likafufuka.

"Ugonjwa gani huu unaopona ukilala?" Cheche alilalamika.

"Uvivu," alisema Mama Viti. "Mimi nina mpwa anaugua huo."

Lakini moyoni hakuwa akicheka. Mvua zilikuwa zimeshajaza shimo. Siku ya mashindano ilikuwa imetangazwa, na gari halikuweza kufika dukani na kurudi, sembuse kuzunguka matope. Alipopita asubuhi kuweka kidole chake juu ya fundo, aliomba dua ya wazi kuliko zote alizowahi kuomba: Bwana, lisivutwe tena.

Jibu, kama lilikuwa jibu, lilikuja na boza. Wifi yake alipita karakana akitoka kazini, akakuta Cheche ameliwasha gari palepale uani na kuliacha lingurume. Alisimama kusikiliza, mikono kiunoni. Injini ilienda vizuri, kisha ikaanza kupungua, ikakaukiwa, ikakata.

"Usiliguse," alisema. Akazunguka nyuma ya kiti, akashika mfuniko wa tangi la petroli, akauzungusha. Sauti ikatoka, fyuuu, ndefu, ya hewa ikivutwa kwenda ndani.

"Mmesikia?"

"Nimesikia," alisema Cheche polepole.

"Hilo ni boza langu. Nikisahau kufungua mfuniko wa juu, maji yanatoka kwa nguvu, yanapungua, yanakuwa uzi, yanakata. Tenki limejaa tele, lakini hakuna hewa ya kuingia kushika nafasi ya maji yanayotoka. Petroli ni hivyo hivyo. Pampu inavuta, tangi limebanwa, mwisho linagoma. Ukiliacha, hewa inajipenyeza kidogo kidogo, linakubali tena." Aligeuka. "Cheche, hili tangi linapumulia wapi?"

Cheche alionyesha juu. Kutoka kwenye tangi ulipanda mpira mwembamba, ukafuata bomba la kizimba mpaka karibu na paa, ili hewa iingie bila maji wala matope kufika. Wifi yake aliushika juu, akaufuata kwa vidole kushuka chini, akapitisha mkono kati ya kiti na bomba, akainama mpaka shavu likagusa turubai.

"Umekunjwa," alisema. "Huku chini umekunjwa mara mbili ukafungwa. Na mpira wa tyubu."

Wote walijua ni nani aliyefunga.

"Basi tukate tu," alisema wifi yake.

"Hapana," alisema Mama Viti.

"Wifi."

"Nimesema hapana. Kobe hakufunga kitu bure. Alikuwa na sababu yake. Pengine alitaka kuzuia maji."

"Sasa kama gari halipumui..."

"Tafuteni njia nyingine."

Cheche hakuweza kuvumilia kuwaona wawili hao wakitazamana hivyo. Akasema njia ipo. Atatoboa mfuniko wa tangi, tundu dogo tu kama la sindano nene, hewa ipite hapo, na fundo la marehemu libaki salama. Mama Viti akashusha pumzi. Wifi yake aliurudisha mfuniko mahali pake, akaenda kwenye boza lake.

Tundu likatobolewa. Gari likawaka, likafika mwisho wa barabara, likapita, likazunguka mtaa mzima, likarudi likinguruma. Cheche alipiga magoti akabusu tairi. Siku iliyofuata wakalivuta mpaka kwenye bwawa la matope lililokuwa njiani kuelekea shimoni, ili walijaribu kwenye maji.

Likaingia kwa nguvu. Magurudumu yalirusha tope juu kama uji unaochemka, tope likajaa kwenye viti, kwenye kizimba, na nyuma ya kiti, juu ya mfuniko wa tangi. Dakika chache baadaye likaanza kukoroma. Wifi yake akalitoa bwawani kwa tabu, likafia kwenye majani. Cheche alipofungulia mafuta kwenye kabureta, yalitoka mazito, yenye rangi ya tofali. Tundu lile lilikuwa limeinywesha petroli maji na udongo.

Walikaa kwenye nyasi. Cheche alifuta vidole vyake kimoja kimoja.

Wifi yake ndiye aliyeanza, na hakupaza sauti.

"Mimi nimemzika mume wangu, wifi. Niliusikia udongo ukianguka juu ya sanduku. Sijui wewe umemzika nani, maana naona wa kwako bado yumo humu kwenye gari, amefungwa kwa mipira."

Cheche akainama kabisa, akawa kama anayetafuta kitu kwenye majani. Maneno yalimjia Mama Viti mdomoni, makali, ya kumwambia kwamba yeye alimbeba Kobe mgongoni kabla huyu dereva wa maji hajajulikana. Akayameza. Aliinuka, akakunja kitenge chake vizuri, akatembea kwa miguu kurudi nyumbani, nao wakalivuta gari nyuma yake mpaka karakana.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kanisani aliimba bila kusikia alichoimba. Mchungaji alihubiri, na Mama Viti alikuwa akiangalia nafasi kwenye safu ya besi ambayo bado hakuna aliyeikalia. Baada ya ibada hakukaa kusalimiana na watu. Alikwenda moja kwa moja uani akiwa na nguo zake za kanisani, akachukua spana, akaanza kufungua boliti za kiti cha dereva. Hakuwa na mpango. Alitaka tu kuliona fundo hilo uso kwa uso, maana kwa upande walikuwa wameliona mgongo tu.

Boliti zilikuwa ngumu, lakini mikono ya mshona ngozi si mikono ya mchezo. Kiti kikatoka. Akatoa na kifuniko cha turubai, akachutama, mwanga wa mchana ukiingia mpaka ndani.

Mpira wa kupumulia ulikuwa umekunjwa kweli, ukabanwa kwa ukanda wa tyubu. Mama Viti alipeleka kidole kama alivyozoea, akitafuta mahali ambapo mkia umefichwa. Kidole kikakuta ncha. Ncha ndefu, inaning'inia, na pembeni yake kitanzi, kama cha kamba ya kiatu.

Akakigusa kile kitanzi.

Mshonaji ana mishono ya aina mbili. Upo ule wa kudumu, unaopigwa mashine na kurudiwa. Na ipo bandi, ule mshono mrefu wa mkono unaoshikilia kitambaa kwa muda tu, ambao unaushona ukijua kwamba baadaye utauvuta utoke. Hakuna mshonaji anayeacha bandi kwenye nguo kwa heshima ya aliyeishona. Angeonekana amerukwa na akili.

Alilitazama fundo lile kwa muda mrefu. Mafundo mengine yote ya gari Kobe aliyafunga akaficha mkia, yasifunguke kamwe. Hili aliliachia kitanzi. Alikusudia kurudi. Alidhani ana muda, kama alivyodhani siku zote, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi Mama Viti alilia kwa sauti, peke yake, ameshika bomba la kizimba, gauni lake jeupe likigusa oili. Alilia mpaka alipomaliza. Kisha akasema, "Haya, baba," kama alivyokuwa akimwambia Kobe alipokuwa mdogo na anamvua shati la kulalia, akashika ncha akavuta.

Ukanda uliachia wenyewe bila kung'ang'ania. Mpira wa hewa ukakunjuka taratibu.

Alimpigia simu Cheche. Halafu akakaa kidogo, akampigia wifi yake.

Cheche alikuja mbio na kuliona, akapiga paji la uso wake kwa kiganja.

"Mungu wangu. Siku ile tulipolilaza gari ubavu, nichomelee ekseli kwa chini. Alisema petroli itamwagika kupitia huo mpira, cheche zitatuchoma wote wawili. Akaukunja akaufunga. Nilikuwepo, dada. Nilikuwa namshikia tochi."

"Na ukasahau?"

"Tulilisimamisha jioni, akasema atamalizia kesho. Kesho yake ndiyo akaamka na homa."

Wifi yake alikuwa amesimama mlangoni mwa ua, bado na gauni la kanisani na yeye. Alisikia yote. Alikuja akachutama karibu na Mama Viti, akautazama ukanda ulioanguka sakafuni.

"Jana nilikuumiza," alisema.

"Uliniumiza. Nishikie hili tangi tulitoe, linataka kuoshwa."

"Na gauni hili?"

"Langu limeshaharibika. Huwezi wewe kubaki msafi peke yako, watu watasema nakupendelea."

Wakalitoa tangi wote watatu, wakamwaga ile petroli ya rangi ya tofali, wakalisuuza kwa petroli safi mpaka likatoa mafuta yanayong'aa. Cheche alileta mfuniko mwingine usio na tundu. Kabureta ikafunguliwa tena. Jumatatu gari lilizunguka mtaa, likazunguka tena, na likaingia kwenye lile bwawa likatoka, mara nyingi kiasi kwamba wifi yake alichoka kabla ya injini.

Siku ya mashindano mawingu yalikuwa mepesi na shimo limejaa. Watu walijipanga ukingoni. Mwenye trekta alimwona Mama Viti, akavua kofia, akampa mkono wa pole. Kisha, kwa kuwa hakujua aseme nini kingine, akasema mnyororo hajautia grisi mwaka huu.

"Usiutie," alisema Mama Viti.

Gari la Kobe liliitwa karibu na mwisho. Lilishuka shimoni bila mbwembwe. Wengine walikuwa wameingia kwa kasi, tope likiruka juu ya vichwa vya watazamaji, vijana wakishangilia. Wifi yake aliingia kama anayepeleka maji kwa wagonjwa. Alizunguka kigingi cha kwanza, akazunguka cha pili. Mama Viti hakutazama magurudumu wala tope. Alifumba macho na kusikiliza injini, akingoja ile sauti ya kukaukiwa aliyoijua sasa kama sauti ya mlango wa nyumba yake. Haikuja. Injini iliendelea na neno lake moja lile lile.

Kwenye ukuta wa udongo gari lilipanda nusu, likaanza kuteleza kurudi nyuma. Watu wakaguna. Mwenye trekta aliinuka kwenye kiti chake, mkono ukaenda kwenye mnyororo.

"Kaa chini," Cheche alimwambia kwa sauti ya chini. "Tafadhali, ndugu yangu. Kaa."

Wifi yake hakukanyaga mafuta. Aliliacha lishuke lenyewe mpaka chini kabisa, akasimama. Ilionekana kama amekata tamaa. Kisha akaligeuza kidogo tu, magurudumu yakapata udongo ambao haujasagwa na wengine, akaanza kupanda tena, polepole mno, kiasi kwamba kijana mmoja nyuma ya Mama Viti alisema huyu mama anapanda ngazi za hospitali. Meno ya tairi yalishika, yakaachia, yakashika. Kizimba kikatokea ukingoni, likafuata boneti, yakafuata magurudumu ya mbele. Na ya nyuma.

Mwenye trekta alikaa.

Hawakushinda kitu. Kulikuwa na magari yaliyomaliza kabla yao, mengi. Lakini gari lilisimama juu ya majani makavu, limetoka lenyewe, injini bado inanguruma, na Mama Viti alikuwa akilikimbilia kwa viatu vilivyojaa tope bila kujali ni nani anayemwona. Alisema "Asante, Bwana," mara nyingi, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayepokea vitu mkononi kimoja baada ya kingine.

Wifi yake alivua miwani ya plastiki. Alikuwa msafi kuzunguka macho tu, kwingine kote ni udongo. Alifuta mdomo, akatema.

"Gia ya pili inaruka," alisema. "Pale ukutani iliniachia ndiyo nikarudi nyuma. Na breki inavuta kushoto."

Cheche akamtazama Mama Viti kwa pembe ya jicho.

"Giaboksi hiyo aliifunga Kobe mwenyewe," alisema. "Kila boliti. Sijui kama tunaruhusiwa."

Mama Viti alikuwa akimfuta wifi yake uso kwa ncha ya kitenge, akimsugua masikio kama mtoto anayepelekwa shule.

"Jumatatu tunaifungua," alisema. "Ila mnisubiri nifike. Nitashika upande mmoja."